Jani Lililoanguka Riruta

Katika mila zetu za pwani, mwanamke husifiwa kwa ua wake kabla hajasifiwa kwa chungu chake. Mgeni akishabisha hodi na kuitikiwa, macho yake huteremka chini kwanza: ardhi imefagiliwa, au imeachwa? Jamaa zetu waliohamia bara wameichukua desturi hii pamoja na mbuzi ya kukunia nazi na chetezo cha udi. Hatukustaajabu basi, tulipowazuru ndugu zetu wa Riruta, magharibi mwa jiji la Nairobi, kuukuta ua wao umefagiliwa hata udongo unang'aa, na pembeni, karibu na ukuta wa mabati, lundo la majani ya mparachichi na mgrivea likifuka moshi.

Moshi huo ndio ulioanzisha mazungumzo. Mjukuu wa nyumba ile ana pumu, na mamake alikuwa ameyafunga madirisha yote ya upande ule. Aliyewasha moto ni bibi, mzaliwa wa Mji wa Kale wa Mombasa, ambaye kwa miaka mingi hajakosa kufagia baada ya swala ya alfajiri.

"Mama, kifua cha mtoto," alisema mkewe mwanawe kwa sauti ya chini.

"Nimekusikia, mwanangu. Lakini majani yakilala uani, nyoka naye hulala," alijibu bibi, na ufagio wake haukusimama.

Sisi tulinyamaza, kama impasavyo mgeni aliyekaa baina ya mke wa mwana na mavyaa. Baadaye tulitembezwa nyuma ya nyumba, tukaoneshwa kibustani cha sukuma wiki, upana wake hatua chache tu. Majani ya chini yalikuwa yamegeuka manjano, alama ya mmea uliokosa nitrojeni. Mwenye bustani alitueleza kwamba kila msimu hununua mbolea ya dukani, na kila msimu mbolea hiyo humaliza kazi yake mapema zaidi. Upande mmoja wa ua, chakula cha udongo kinachomwa. Upande wa pili, kinanunuliwa kwa kilo.

Tuliomba jembe. Shimo la kwanza tulilichimba pale penye kufagiliwa kila siku. Jembe liligonga kama lililogonga tofali. Udongo ulikuwa mwekundu tangu juu, umeshikana, hauna mzizi wala mdudu, na maji tuliyomimina yalikaa juu kwa muda mrefu kabla ya kunywewa. Shimo la pili tulilichimba chini ya mparachichi, nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo ufagio wa bibi haufiki. Huko jembe liliingia bila nguvu, na ndani ya shimo matabaka yakaonekana wazi, moja juu ya jingine, kama matabaka ya mkate wa chapati uliopasuliwa.

Juu kabisa yalikuwa majani makavu, mazima, ya wiki hii na wiki iliyopita. Chini yake majani yaliyoliwa nusu, yamebaki mishipa tu mfano wa lesi, na baina yake nyuzi nyeupe za kuvu zimetambaa. Chini zaidi, kwa kiasi cha vidole vinne hivi, udongo mweusi wenye chembechembe laini, unaovunjika mkononi na kunukia kama ardhi iliyonyeshewa mvua ya kwanza. Tulihesabu nyungunyungu saba katika koleo moja. Kisha weusi ule ukaanza kugeuka hudhurungi, kisha ukawa wekundu mtupu, mzito, wenye nyuso ndogo zinazong'aa ukiupasua. Tuliendelea hadi kina cha mkono mzima na wekundu haukwisha.

Wala usingekwisha upesi. Udongo wa Riruta, Dagoretti na Kabete umetokana na mawe ya volkeno, jamii ya mawe yale yale yanayochongwa kujengea nyumba za Nairobi. Mawe hayo yameoza kwa maelfu kwa maelfu ya miaka, na udongo uliopatikana huweza kushuka mita kadhaa kabla ya kufika kwenye mwamba. Wekundu wake ni wa chuma kilichoshika kutu. Wataalamu huuita nitisoli, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kung'aa, kwa sababu ya nyuso zile tulizoziona shimoni.

Ukiteremka kutoka Riruta kuelekea mashariki, ukapita jijini na kufika Embakasi, udongo hubadilika ukawa mweusi, ule uitwao wa pamba, unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka, na unaowasumbua wajenzi wa nyumba. Mtu aliyeliweka jambo hili katika elimu ni Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, Tanganyika. Katika miaka ya 1930 alionesha kwamba aina za udongo hufuatana kutoka kileleni hadi bondeni kama pingu za mnyororo mmoja, kwa kuwa maji huchukua kitu huku na kukiweka kule. Neno alilolichagua, lenye maana ya mnyororo kwa Kilatini, linatumika hadi leo duniani kote, na lilizaliwa katika ardhi yetu ya Afrika Mashariki.

Hapa pana jambo linalowapotosha wengi. Udongo mwekundu ni wa kina, unashika maji vizuri, na mtu akiuona husema bara kuna rutuba. Lakini sehemu kubwa ya rutuba hiyo imo katika tabaka lile jeusi la juu. Huko chini, chuma huikamata fosforasi na kuifunga, mizizi ikabaki na njaa mbele ya chakula kilichofungiwa. Mboji, yaani vitu vilivyokuwa hai vikaoza, ndiyo husaidia kulegeza kifungo hicho. Ndiyo pia inayozishikanisha chembe za udongo ili hewa na maji vipite, na ndiyo inayoyashika madini yasichukuliwe na mvua. Likiondolewa tabaka la juu, mwenye shamba hubaki na rangi nzuri.

Na tabaka hilo hutokana na nini? Zaidi ya kila kitu, chini ya miti, hutokana na majani. Mti kabla ya kuliachia jani huliondolea kwanza sehemu ya nitrojeni na fosforasi na kuirudisha matawini, mfano wa mtu anayehama nyumba akachukua vyombo vya thamani. Kinachobaki ni kaboni nyingi, kalisi, na nyuzi ngumu. Likigusa ardhi yenye unyevu, kuvu na bakteria hulianza. Hufuata jongoo, mchwa, na wadudu wadogo wa namna nyingi, wanaolikata vipande. Nyungunyungu huvivuta vipande hivyo ndani ya mashimo yao, huvila pamoja na udongo, na wanachokitoa huwa tajiri kuliko walichokila. Charles Darwin, ambaye wengi wetu tunamjua kwa mambo mengine, aliwachunguza nyungunyungu kwa miaka mingi na mwaka 1881 akatoa kitabu kizima juu yao na kazi yao ya kuumba tabaka la juu la ardhi.

Mwendo wa kazi hii hutegemea joto na unyevu. Riruta iko juu, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na kipupwe chake cha Juni hadi Agosti kinajulikana na kila mtoto wa pwani aliyewahi kusahau sweta. Kwa hiyo jani la Riruta huoza polepole kuliko jani la Likoni. Nalo jani la mgrivea, mti uliotoka Australia na ambao majirani zetu Wakikuyu huuita mukima, ni gumu na huchukua muda mrefu. La mkaratusi, kwa mafuta yake, pia ni zito kuoza. La mparachichi liko katikati. Bora kuliko yote hayo ni majani mabichi ya alizeti mwitu, ule mmea wa maua ya manjano unaoota wenyewe kando ya ua na njia: yakikaushwa, nitrojeni iliyomo hukaribia asilimia 3.5, na wakulima wa magharibi mwa Kenya wameyatumia kwa miaka mingi kama mbolea.

Moto, kwa upande wake, hufanya nini? Nitrojeni yote karibu huenda hewani pamoja na kaboni. Jivu linalobaki lina potasiamu na kalisi, vitu vyema, lakini mvua ya kwanza huvichukua kirahisi. Nyungunyungu wa juu hufa. Moshi huingia vifuani. Hatusemi haya kumlaumu bibi yetu, ambaye amefundishwa hivyo na waliomtangulia, na ambaye neno lake juu ya nyoka halikuwa la mzaha. Lundo la majani mlangoni ni maficho ya nyoka na nge, nasi tuliokulia pwani tunajua. Jibu ni kuchagua mahali pa kuyaweka.

Si mbali na Riruta, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Kabete, kuna mashamba madogo yaliyopimwa tangu mwaka 1976, juu ya udongo mwekundu wa jamii hii hii. Yanapandwa mahindi na maharage mwaka baada ya mwaka. Mengine yakipewa samadi, mengine mbolea ya viwandani, mengine yakirudishiwa mabua yake, na mengine yasipewe chochote. Watafiti walipopima baada ya miaka 18, waliona kwamba mboji ya udongo ilikuwa imepungua katika mashamba yote. Ilipungua kidogo zaidi pale palipotiwa samadi na mbolea na kurudishiwa mabua kwa pamoja. Mbolea ya dukani peke yake haikuweza kuizuia hasara. Hiki ndicho kisa cha bustani ya ndugu zetu kwa kipimo kikubwa: mfuko hulisha mmea wa msimu huu, lakini udongo wenyewe huzidi kudhoofika ikiwa haurudishiwi kitu.

Msomaji wetu wa Mombasa huenda akasema, hayo ni ya bara, kwetu sisi ni matumbawe na mchanga. Basi na aende Bamburi. Machimbo ya saruji yalianza huko mwaka 1954, na mawe ya matumbawe yalipokwisha kuchimbwa yaliacha uwanda mtupu mweupe, wenye joto kali, karibu kabisa na maji ya chumvi yaliyo chini ya ardhi. Hapakuwa na tabaka hata moja la udongo. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akiitumikia kampuni ile, alianza kujaribu miti. Katika aina 26 alizozipanda, zilizostahimili zilikuwa 3 tu, nao mvinje ukawa mbele. Mizizi ya mvinje hukaa na vijidudu vinavyochukua nitrojeni hewani, kwa hiyo mti huu huweza kuanza maisha pasipo na kitu.

Miti ikakua, ikaangusha majani yake yaliyo kama sindano, na hapo shida ikaingia. Sindano zile zilijaa tanini na hazikuoza. Zililala tu juu ya mwamba, tabaka juu ya tabaka, kavu, zisizofaa kitu. Miti ilikuwepo, majani yaliyoanguka yalikuwepo, na udongo haukuzaliwa. Kilichokosekana ni mlaji. Haller akamwona jongoo mkubwa wetu wa pwani, yule mweusi mwenye miguu myekundu ambaye watoto humgusa kwa kijiti ajikunje, akizila sindano za mvinje bila taabu. Akawaleta mamia yao machimboni. Jongoo wakala, wakazaana, na kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria, na bakteria wakafanya mboji. Juu ya mboji hiyo ikapandwa miti mingine ya asili, kisha wakaja ndege, na leo mahali pale panaitwa Haller Park, ambapo familia nyingi za Mombasa huwapeleka watoto siku za Iddi kuwaona twiga na viboko. Mwaka 1987 Haller alipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya mazingira. Jongoo hawakupewa kitu. Tunaomba akina mama watakaokwenda Iddi ijayo wawaoneshe watoto ardhi iliyo chini ya mivinje, kabla ya kuwaonesha twiga.

Tukirudi Nairobi, mwendo mfupi kutoka Riruta iko Kibera. Jina lenyewe, Kibra, katika lugha ya Wanubi lina maana ya msitu. Wanubi, Waislamu wenzetu waliotokana na askari wa Kisudani wa jeshi la Waingereza, walikaa hapo mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 1918 ardhi ile, zaidi ya ekari 4,000, ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Wazee wao walipanda matunda na mboga katika udongo ulioumbwa na majani ya msitu ule. Hati ya ardhi waliyopewa mwaka 2017, baada ya madai ya miaka mingi, ni ya ekari 288. Msitu umekwenda, nyumba zimesongamana, na pasipo mti hapaanguki jani.

Hata hivyo wanawake wa Kibera hawakukata tamaa ya kulima. Baada ya machafuko ya uchaguzi, kuanzia mwaka 2008, kilimo cha magunia kilienea huko kwa msaada wa shirika moja la misaada la Ufaransa. Gunia hujazwa udongo, katikati husimamishwa nguzo ya mawe madogo ya kupitishia maji, na miche ya sukuma wiki na spinachi hupandwa juu na ubavuni kupitia matundu. Gunia moja mlangoni huipunguzia familia gharama ya mboga, na mara nyingine kumpa mama kitu cha kuuza. Lakini udongo wa gunia huchoka upesi, kwa kuwa mizizi ni mingi na nafasi ni ndogo, nao hauna mti wa kuulisha kutoka juu. Na hapa ndipo moshi wa Riruta unapotuuma zaidi. Majani yanayochomwa nyuani mwa Riruta na katika viunga vyenye miti kando ya Barabara ya Naivasha ndiyo hasa yanayokosekana katika magunia ya Kibera na Kawangware, umbali ambao mkokoteni huufika kabla ya adhuhuri.

Kazi yenyewe haihitaji fedha. Chimba shimo la kina cha goti au zungusha uzio wa fito, mbali na mlango na mbali na kisima. Weka majani makavu, kisha mabaki mabichi ya jikoni: maganda ya viazi na ndizi, majani ya chai, machicha ya nazi, mabua ya mchicha. Makavu yana kaboni nyingi, mabichi yana nitrojeni, na viumbe wanaoozesha huhitaji vyote viwili. Makavu peke yake hukaa bila kuoza na mabichi peke yake hunuka. Kwa macho, vikapu viwili au vitatu vya makavu kwa kimoja cha mabichi hutosha. Tia koleo moja la udongo mweusi kutoka chini ya mti, ili wafanyakazi wawemo tangu mwanzo. Usitie nyama wala mifupa, maana utaita panya. Ligeuze lundo kila baada ya wiki mbili tatu, na lisikauke. Kwa unyevu, maji ya udhu yanafaa sana, kwa kuwa hayana sabuni. Beseni la udhu wa nyumba nzima ni maji yasiyopasa kumwagwa barabarani. Baada ya miezi mitatu hadi sita, kwa baridi ya Riruta, utapata kitu cheusi kisichonuka uozo.

Tahadhari moja tu tunaisisitiza. Majani yaliyokusanywa kando ya barabara kuu, karibu na gereji au kwenye mitaro ya maji machafu yasiingie katika bustani ya chakula, kwa sababu huenda yamebeba risasi na sumu nyingine. Plastiki pia ichambuliwe, ingawa tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Kenya, Agosti 2017, kazi hiyo imekuwa nyepesi kidogo.

Dada mmoja alituuliza, je, kuyaacha majani uani hakupingani na usafi tuliofunzwa? Swali hili ni la haki. Jani si najisi. Tumefunzwa tangu chuoni thawabu ya kuondoa njiani kinachowaudhi watu, na njia na mlango vifagiliwe kila siku. Kinachofagiliwa ndicho tunachozungumzia, kiende wapi. Suratul An'am, katika aya ya 59, inalitaja jani linapoanguka kuwa limo ndani ya elimu ya Mwenyezi Mungu, pamoja na punje iliyo katika giza la ardhi. Tumeisoma aya hiyo mara nyingi bila kujiuliza kwa nini jani na punje vimekaa pamoja. Shimoni Riruta, kila kimoja kilikuwa chini ya kingine.

Tulikaa kwa ndugu zetu siku tatu. Siku ya pili mume wa nyumba alizungusha fito kwenye pembe ya mbali kabisa ya ua. Bibi alikuja kupatazama, akapima kwa macho umbali wa kutoka hapo hadi mlangoni, akasema pasogezwe mbele hatua nne zaidi, na pakasogezwa. Kisha akatoa sharti: atakayefagia ni yeye, na atakayeyapeleka majani huko ni yeye, mtu mwingine asiguse ufagio wake. Asubuhi ya kuondoka kwetu madirisha ya upande ule yalikuwa wazi. Ndani ya fito mlikuwa na majani ya mparachichi ya alfajiri ile, na juu yake machicha ya nazi ya wali wa jana.